Niliahidiwa 1,200, nikapokea 570. Nimedhulumiwa?

Shikamoo Mshauri,

Nina miaka 23 na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kuajiriwa. Nilianza tarehe 11 ya mwezi uliopita, mwezi wa siku 30. Kwenye usaili niliambiwa mshahara ni 1,200 kwa mwezi. (Tarakimu nimezibadili nisijulikane, ila uwiano ni uleule.) Nyumbani nikawaambia 1,200, na madeni yangu nikayapanga kwa hiyo 1,200.

Siku ya mshahara simu ikalia, nikafungua ujumbe wa benki: 570. Nilikaa nayo mkononi nikidhani kuna ujumbe wa pili unakuja. Haukuja. Kesho yake nikapewa karatasi ya mshahara, nayo imenichanganya zaidi. Nakuandikia kama ilivyo:

Mshahara wa msingi 700. Posho ya usafiri 100. Jumla ghafi 800. Kodi ya mapato 60. Mchango wa pensheni, mfanyakazi 70. Mchango wa pensheni, mwajiri 70. Sare 80. Nyinginezo 20. Malipo halisi 570.

Wiki ya mwisho ya mwezi nilibaki kazini jioni, jumla saa 14, kwa sababu msimamizi aliniomba. Saa hizo sizioni popote. Nilipomuuliza, akasema, "Wewe uko kwenye majaribio, majaribio hayana ovataimu wala likizo. Ukithibitishwa utaulizia hayo." Mwenzangu mmoja kaninong'oneza kwamba ile 20 ya "nyinginezo" huenda ni ya mtu aliyetuunganisha na kazi hii. Mimi hakuna mtu aliyeniambia kitu kama hicho.

Naogopa kuuliza nionekane mjuaji. Naogopa kunyamaza nionekane mjinga. Niache kazi? Au ndivyo kazi zilivyo?

Wako, Mgeni Kazini

*

Marahaba, mwanangu. Kazi usiache, angalau bado. Na hofu ya kuuliza iweke chini kabisa, maana nimefanya kazi ofisi ya mishahara kwa miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba anayeuliza kwa adabu akiwa na karatasi yake mkononi haonekani mjuaji. Anaonekana mtu anayejua kuhesabu.

Kwanza jibu la swali lako. Kati ya 1,200 uliyotarajia na 570 uliyopokea kuna pengo la 630. Katika hilo, 400 ni siku 10 ambazo hukuwa umeanza kazi. 130 ni kodi na pensheni. Zinazobaki ni 100, yaani sare na nyinginezo, na hizo ndizo za kuulizia kwa nguvu zote. Juu ya hapo, kuna pesa ya saa 14 unayodai na bado hujalipwa. Kwa hiyo sehemu kubwa haikuwa dhuluma, ila ipo sehemu ndogo yenye harufu mbaya, na hiyo hatutaifumbia macho.

Tuanze na neno lililokuumiza: mshahara. Mwajiri akitamka "mshahara 1,200" bila kuongeza neno, karibu kila mara anamaanisha mshahara ghafi, yaani jumla yote kabla ya makato. Mwombaji kazi anasikia pesa itakayoingia mkononi. Wote wawili wametumia neno moja na kila mmoja ameondoka na hesabu yake. Katika karatasi yako kuna ngazi tatu za neno hilo. Mshahara wa msingi ni ile fedha ya kazi yenyewe, kwako 1,050 kwa mwezi kamili (zile 700 na 100 za kwenye karatasi ni za siku 20 tu, hesabu yake inakuja). Ukiongeza posho ya 150 unapata ghafi ya 1,200. Ukitoa makato unabaki na malipo halisi, ambayo wengi tunayaita "ya mkononi". Siku nyingine ukiulizwa kwenye usaili kama una swali, uliza: hiyo ni ya msingi, ghafi, au ya mkononi? Wapo pia waajiri wanaotaja jumla ya gharama zao zote juu yako, pamoja na pensheni wanayokulipia wao. Hapo tarakimu huwa nene masikioni kuliko mfukoni.

Tofauti ya msingi na posho usiidharau. Vitu vingi hupigiwa hesabu kwa mshahara wa msingi peke yake: saa za ziada, mara nyingi pensheni, na katika sehemu nyingi hata mafao ya mwisho wa kazi. Posho inaweza kuondolewa mazingira yakibadilika, kwa mfano kampuni ikileta basi lake la wafanyakazi. Ndiyo maana mtu mwenye msingi mkubwa na posho ndogo ana ardhi ngumu zaidi chini ya miguu kuliko mwenye posho nyingi na msingi mdogo, hata kama jumla zao zinalingana.

Sasa zile 800. Ulianza tarehe 11, kwa hiyo mwezi ule ulikuwa mwajiriwa kwa siku 20 kati ya 30. Chukua 1,200, gawanya kwa 30, zidisha kwa 20: unapata 800. Msingi wa 1,050 ukawa 700, posho ya 150 ikawa 100. Hesabu yao imekaa sawa. Zipo ofisi zinazohesabu siku za kazi tu, bila Jumamosi na Jumapili. Kwa njia hiyo, kama mwezi wako ulikuwa na siku za kazi 22 na wewe ukazifanya 14, ungepata takriban 764. Ofisi ikishachagua njia yake inapaswa kuishika, siku ya kuingia kazini na siku ya kutoka. Asitokee mtu akakuhesabia siku za kalenda unapoingia kisha akahamia siku za kazi unapoondoka kwa sababu tu siku hiyo zinampunguzia yeye.

Mstari wa "mchango wa pensheni, mwajiri 70" najua umekushtua, kwa kuwa wengi waliokuja dirishani kwangu walikuja na kidole juu ya mstari huo. Hebu jumlisha makato mwenyewe: 60, 70, 80 na 20 ni 230. Toa kwenye 800, zinabaki 570. Umeona? Ile 70 ya mwajiri haikutoka kwako. Imeandikwa ili ujue kwamba naye ameweka 70 juu ya 70 yako, na kwamba mwezi huu akiba yako ya uzeeni imepata 140. Yako ni asilimia 10 ya msingi wa 700. Mwezi ujao, msingi ukiwa kamili, itakatwa 105, usishtuke. Jambo moja tu: fungua akaunti yako kwenye huo mfuko wa pensheni, au nenda ofisini kwao, uone kama hizo 140 zimefika. Kukatwa ni jambo moja, kuwasilishwa ni jingine. Nimeona watu wamekatwa miaka, na mfukoni mwa mfuko hakuna kitu.

Kodi ya mapato nayo mwezi ujao itapanda kwa kuwa kipato kitapanda. Katika nchi nyingi kodi hii inakwenda kwa ngazi: kipande cha kwanza cha mshahara hakitozwi au kinatozwa kidogo, kinachofuata kinatozwa zaidi, na kuendelea. Kiwango cha juu kinagusa kile kipande kilichovuka mstari tu, hakirudi nyuma kutafuna mshahara mzima. Nakwambia hili mapema kwa sababu ipo siku utaongezewa mshahara, na atatokea mtu akuambie ukatae kwa kuwa "kodi itakula yote". Usimsikilize.

Tuje kwenye sare, 80. Hapa nakunja mikono ya nguo.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina Mkataba namba 95 wa mwaka 1949, unaohusu kulinda mishahara. Ndani yake kuna mambo mawili yanayokuhusu moja kwa moja. La kwanza, makato yanaruhusiwa pale tu ambapo sheria ya nchi, mkataba wa pamoja kati ya wafanyakazi na mwajiri, au uamuzi wa usuluhishi umeyaruhusu, tena kwa masharti na kiwango kilichowekwa. La pili, mfanyakazi aelezwe masharti ya mshahara wake kabla hajaanza kazi, kisha kila anapolipwa aoneshwe mchanganuo wake. Mkataba huo unazibana nchi zilizouridhia, na sheria za kazi za nchi nyingi zimefuata mkondo huohuo. Kwa hiyo swali la kuuliza ofisini si "mbona mmenikata?" Uliza: "Makato haya yameruhusiwa na kifungu gani, na ni wapi niliyakubali?"

Kabla hujauliza, rudi kwenye makaratasi yako. Siku ya kwanza kazini mtu anasaini rundo la fomu, anawaza meza yake iko wapi na chai ni saa ngapi, hasomi. Tafuta fomu ya sare. Kama ulisaini, ilisema utakatwa kiasi gani, kwa mara ngapi, na je, ukiirudisha sare pesa inarudi? Kama hukusaini chochote, dai lako lina miguu. Ziko nchi ambazo sheria inakataza kabisa mfanyakazi kulipia sare au vifaa vya kazi, na ziko zinazoruhusu kwa idhini ya maandishi. Ofisi ya kazi iliyo karibu nawe itakuambia ya kwenu ikoje, nayo haitozi pesa kwa swali hilo.

"Nyinginezo 20" ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi, ingawa ni ndogo kuliko zote. Nyinginezo si jina la makato. Kila pesa inayotoka kwenye mshahara ina anakokwenda, na huko kuna jina. Inaweza kuwa mchango wa rambirambi wa wafanyakazi, ada ya chama, au kitambulisho kipya, na hata hivyo viandikwe kwa majina yake. Lakini kama alivyokunong'oneza mwenzako, kwamba inakwenda kwa aliyewaunganisha na kazi, hilo si la kuvumilia. Mkataba uleule wa 1949 unakataza waziwazi kukata mshahara wa mfanyakazi ili kumlipa mwajiri, wakala au dalali kwa sababu ya kupata kazi au kubaki nayo. Mwanangu, kazi hainunuliwi kwa mkupuo wala kwa vipande vya 20 kila mwezi. Ila usiende ofisini ukaanza na minong'ono, maana yawezekana mwenzako amekosea. Uliza tu jina la mstari huo na uache karatasi iseme.

Nikupe kisa kimoja. Katika ofisi niliyofanya kazi zamani alikuwepo mama mmoja wa usafi. Alikopa kupitia mshahara, akakatwa hadi deni likaisha, na makato yakaendelea miezi minne zaidi kwa sababu hakuna aliyeyasimamisha kwenye kompyuta. Hakuwa amemuuliza mtu. Alidhani ndivyo kazi zilivyo, maneno yako haya haya. Siku nilipogundua nilimwendea mwenyewe, na nilipomwonesha mstari ule hakukasirika, aliniuliza tu kama kuuliza kwake kungewaudhi wakubwa. Alirudishiwa pesa yake yote. Mpaka leo nikisikia mtu anasema anaogopa kuuliza, namwona yeye.

Kuhusu saa zako 14. Ofisi nyingi hufunga hesabu za mshahara siku kadhaa kabla ya siku ya malipo, tuseme tarehe 20. Ovataimu yako ilikuja wiki ya mwisho, baada ya hesabu kufungwa. Kwa hiyo kutokuiona mwezi huu si ushahidi kwamba wamekula. Inapaswa kuja mwezi ujao, ama kwa jina lake, ama kama malimbikizo. Kosa liko kwenye kauli ya msimamizi kwamba majaribio hayana ovataimu. Saa ni saa. ILO ilianza mwaka 1919, na Mkataba wake namba 1, wa mwaka huohuo, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, na ukasema saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na robo ya malipo ya kawaida. Mwaka 1930 Mkataba namba 30 ukaweka hivyohivyo kwa maduka na maofisi. Ni nchi nyingi zinazolipa mara moja na nusu, lakini tuchukue hiyo robo kama sakafu.

Kama wiki yako ni ya saa 40, mwezi una wastani wa saa 173 na kidogo. Msingi wako wa 1,050 ukigawanya kwa saa hizo unapata 6.06 kwa saa. Mara moja na robo ni 7.57. Zidisha kwa 14: kama 106. Umeona, ni zaidi ya zile 100 za sare na nyinginezo. Ndiyo pesa kubwa kuliko zote unayopaswa kuifuatilia, na ndiyo usiyo na karatasi yake.

Basi tengeneza karatasi leo, kabla kumbukumbu haijapoa. Chukua daftari dogo. Andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, kazi uliyofanya, na nani alikuomba ubaki. Kama msimamizi alikutumia ujumbe wa simu, usiufute. Neno kibarua lenyewe kwa asili ni barua ndogo, kile kikaratasi cha mfanyakazi wa kutwa kilichoonesha kazi aliyoifanya. Waliotutangulia walijua kwamba kazi bila karatasi ni maneno tu. Na kuanzia sasa, ukiombwa kubaki jioni, kubali kwa ujumbe: "Sawa, nitabaki leo kwa muda wa saa 2 kumalizia kazi ya stoo kama ulivyoniomba." Hilo ni jibu la heshima, na ni ushahidi.

Majaribio ni nini hasa? Ni muda wa kupimana. Kwa kawaida katika kipindi hicho notisi ni fupi na ni rahisi zaidi kwa mwajiri kuachana nawe, hilo ni kweli, nawe ulijue. Lakini hayafuti mshahara kwa kazi uliyofanya. Mkataba namba 158 wa 1982, unaohusu kuachishwa kazi, unaruhusu walio kwenye majaribio kuwekwa kando ya ulinzi wake, ila kwa sharti kwamba muda huo uwe umepangwa kabla na uwe wa kiasi. Angalia barua yako: ni miezi mingapi, na inasemaje kuhusu kuongezwa? Muda ukiisha na hujapewa barua ya kuthibitishwa, iombe. Usikae kwenye majaribio yasiyo na mwisho kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

Likizo nayo inajikusanya tangu siku ya kwanza, hata kama huruhusiwi kuichukua mapema. Mkataba namba 132 wa 1970 unaweka angalau wiki tatu za kazi kwa mwaka mmoja wa utumishi, na muda wa kusubiri kabla ya kustahili usizidi miezi 6. Kwa anayefanya kazi siku 5 kwa wiki, wiki tatu ni siku 15, yaani siku moja na robo kila mwezi.

Sasa barua. Usiende kusimama mlangoni kwa mhasibu siku ya mshahara, siku hiyo kila mtu yuko mlangoni. Subiri siku mbili, kisha peleka maandishi kwa ofisi ya utumishi, nakala kwa msimamizi, kama hivi:

"Ndugu, nashukuru kwa kunipokea. Nimeisoma hati yangu ya mshahara ya mwezi uliopita na ninaomba ufafanuzi wa mambo matatu. Moja, makato ya sare, 80: naomba nakala ya idhini niliyosaini, na nijulishwe kama yatajirudia. Mbili, makato ya nyinginezo, 20: naomba kujua ni ya nini na yanalipwa kwa nani. Tatu, nilifanya saa 14 za ziada kwa tarehe zilizoambatishwa: naomba kujua zitalipwa mwezi gani na kwa kiwango gani. Nitashukuru kupata jibu kabla hesabu za mwezi huu hazijafungwa."

Basi. Hakuna lawama, hakuna neno dhuluma, wala hakuna mtu aliyetajwa kwa ubaya. Sentensi ya mwisho usiiache, ndiyo inayompa mtu sababu ya kujibu wiki hii badala ya "tutaangalia". Baki na nakala yenye tarehe.

Wakijibu vizuri, na mara nyingi hujibu, umekwisha kuwa mfanyakazi mwenye amani. Wakikaa kimya, rudia mara moja kwa maandishi, kisha nenda kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na kama chama hakipo, ofisi ya kazi. Usichelewe, kwa sababu madai ya kazi huwa na ukomo wa muda na katika nchi nyingine ni siku chache sana.

Na ukiamua kuondoka baada ya hayo yote, toka kwa notisi iliyoandikwa kwenye mkataba. Anayeondoka ghafla anaweza kukatwa mshahara wa siku za notisi ambazo hakuzitoa, na wewe umekatwa vya kutosha. Siku ya mwisho dai hesabu ya kufungia: siku ulizofanya, ovataimu, na likizo uliyojikusanyia.

Nyumbani waambie ukweli jioni hii: mwezi huu ilikuwa 570 kwa sababu ya siku 20, na mwezi ujao itapanda, ila haitakuwa 1,200 mkononi. Wakope na kupanga kwa hesabu hiyo. Na ukishapata jibu la ile 20, niandikie, nataka kujua imekwenda kwa nani.

Mshauri wako